Mashine ya Mama Dobi

Mashine ilikufa Jumanne asubuhi ikiwa na shuka nne tumboni na maji ya sabuni mpaka shingoni. Haikufa kwa kishindo. Ilikoroma kidogo, ikatoa harufu ya mpira ulioungua, ikanyamaza. Kisha maji yakaanza kuchuruzika chini yake, membamba, hayana haraka, yakafuata mteremko wa sakafu ya uani mpaka yakavifikia viatu vya Karani.

Karani aliyatazama tu. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kusogeza mguu aliona ni shughuli.

Hilo la Karani lilikuwa jina la kazi, lakini lilikuwa limemganda kama rangi ukutani. Miaka ishirini na sita alikaa masjala, akipokea mafaili, akiyapa namba, akiyatafuta yaliyopotea. Faili lililochanika jalada, lisilo na jina wala mwaka, lilipelekwa kwake, naye alilipekua ukurasa baada ya ukurasa mpaka akajua ni la nani. Miaka miwili nyuma mama yake alipopigwa na kiharusi, aliomba kustaafu mapema. Hakuna aliyemlazimisha. Lakini kati ya watoto watatu, kaka mkubwa alikuwa anaishi mbali, safari ya siku mbili. Dada wa katikati alikuwa na ndoa yenye mambo yake. Na yeye kitinda mimba hakuwa na mume wala mtoto, kwa hiyo ikaonekana hana shughuli. Kikao cha familia kilichukua muda mfupi kuliko chai iliyonywewa kikaoni.

Mama yake mtaa mzima walimwita Mama Dobi. Miaka thelathini na moja alifua nguo za hospitali: shuka, vitambaa vya upasuaji, magauni ya wagonjwa, mapazia. Alikuwa mwanamke wa mikono minene na sauti ya kuita mtu aliye mtaa wa pili. Kiharusi kilimchukua upande mzima wa kulia, na kilipomaliza hapo kikachukua na maneno. Yote kikabeba, kikamwachia moja tu: "ile."

Akitaka maji, "ile." Akisikia baridi, "ile." Akikasirika, "ile, ile, ile," na mkono wa kushoto ukipiga godoro. Mwanzoni Karani alikuwa akikisia kwa bidii, kama mtu anayetegua kitendawili. Alileta maji, akaleta blanketi, akafungua dirisha, akalifunga. Baada ya miezi sita bidii ilipungua. Baada ya mwaka akawa anaitikia tu, "Ndiyo, mama. Sawa, mama," huku anaendelea na alichokuwa anafanya. Si kwamba alikuwa na moyo mbaya. Kuchoka nako kuna uziwi wake.

Shuka zilikuwa tatu au nne kwa siku, na siku mbaya sita. Ile mashine ndiyo iliyokuwa imembeba. Ilikuwa pipa la chuma lenye miguu minne, mota imening'inia chini, na juu mahali palipokuwa na rola za kukamulia nguo, ingawa rola moja haikuwepo tena. Unajaza maji kwa ndoo, unatia sabuni, unabonyeza swichi, unafunika. Ukimaliza unafungua kizibo, maji yanakwenda zake. Mama yake aliileta nyumbani juu ya mkokoteni mwaka aliostaafu, wakati watoto wote wameshahama, na hakuna aliyewahi kumuuliza ameitoa wapi.

Sasa Karani alizitoa zile shuka nne moja moja, nzito kama watu waliolala, akazimalizia kwa mkono kwenye beseni. Mgongo ulipomuuma alisimama, akashika kiuno, akaangalia juu. Dirishani kwa mama yake, kitanda kikiwa kimesogezwa hapo ili apate hewa, mkono wa kushoto ulikuwa umeshika nondo.

"Ile," mama yake alisema. "Ile!"

"Ndiyo, mama. Nakuja."

*

Fundi wa kwanza alikuwa na kibanda cha simu na feni kando ya barabara. Alikuja na mkoba mgongoni, akaizunguka mashine, akaipiga teke dogo la kirafiki.

"Hii ni kampuni gani?"

"Sijui."

"Modeli?"

"Sijui, kaka yangu. Ningejua ningekwambia pale pale kibandani."

"Haina hata kibandiko?" Aliinama, akatazama chini, akatazama nyuma. "Basi tufungue tuone." Akaingiza spana kwenye yale mabawa ya katikati, yale yanayozungusha nguo, akavuta. Hayakutingishika. Akachukua nyundo. Karani alikuwa ameingia ndani kumgeuza mama yake ubavu. Aliposikia kishindo cha pili alitoka mbio, na akakuta kipande cha bawa, kikubwa kama kucha ya kidole gumba, kimelala sakafuni.

"Simama," alisema.

"Chuma cha zamani hiki, dada, lazima ukitishe kidogo."

"Umeshakitisha. Asante. Nenda."

Kesho yake alimwomba jirani amkalie mama yake saa moja, akaenda kwenye duka la vipuri. Nyuma ya kaunta alikaa mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, akiwa amezungukwa na masanduku ya mikanda, mipira, vizibo na swichi mpaka darini. Karani alimwonyesha picha kwenye simu. Yule mama alizikuza kwa vidole viwili, akazisogeza mbele na nyuma.

"Samahani kwa kuuliza. Hii ni mashine au ni sufuria ya shule?"

"Inafua."

"Sikatai. Lakini bila namba ya modeli, mwenzangu, sina pa kuanzia. Mipira ya kuzuia maji ninayo ya aina arobaini hapa. Nikupe upi? Itafute namba. Kila mashine ina cheti chake cha kuzaliwa, kibati kidogo, mara nyingi mgongoni."

Maneno hayo yaligusa kitu ndani ya Karani, kitu cha masjala. Alirudi na mafuta ya taa na msasa, na siku tatu zilizofuata, kila alipopata robo saa kati ya uji na dawa na beseni, alikaa uani akiikwangua mashine. Chini ya rangi ya maziwa palikuwa na kijani. Chini ya kijani, buluu. Chini ya buluu, weupe wa kauri, umepasuka pasuka kama kisigino. Na mgongoni, mahali pale hasa alipoambiwa, alikuta matundu mawili ya skrubu, kati yake kivuli cha mstatili mdogo. Kibati kilikuwepo, na hakipo.

Alichukua karatasi akaandika kama alivyozoea. Pipa la chuma, mviringo, kina mikono miwili kasoro. Miguu minne. Magurudumu matatu; la nne kibao. Mabawa matatu, moja limemeguka. Swichi si ya asili. Mtengenezaji: haijulikani. Mwaka: haujulikani. Aliitazama ile karatasi muda mrefu. Masjalani faili la namna hii lingewekwa kwenye rafu ya chini kabisa, ile ya karibu na mlango, na watu wangelipita miaka.

Jumapili kaka yake alipiga simu.

"Mama anaendeleaje?"

"Yupo. Mashine imekufa."

"Ile sufuria? Tupa hiyo. Tutanunua mpya, ya kisasa, unabonyeza tu."

"Ya kisasa inataka maji ya bomba yenye nguvu, kaka. Huku maji yanakuja Jumatatu na Alhamisi, yanatoka kama mate. Tunajaza mapipa. Hii mimi naitilia kwa ndoo."

Kaka yake alivuta pumzi upande wa pili. "Basi tutaangalia," alisema.

Katika familia ile, "tutaangalia" lilikuwa neno la kufungia simu.

*

Siku ya kumi na moja ngozi kati ya vidole vyake ilipasuka. Sabuni ikawa inaingia humo na kuchoma mpaka machozi yanamtoka bila kulia. Alirudi kwenye duka la vipuri, hana namba yoyote, amekuja tu kwa sababu hakujua pengine pa kwenda. Yule mama wa miwani aliitazama mikono yake iliyokuwa juu ya kaunta, na safari hii hakutania.

"Nenda nyuma ya ghala la mbao, umuulizie Fundi Polepole. Kama yeye haijui, basi haijulikani. Lakini sikiliza, jina lile si utani. Usimharakishe."

Fundi Polepole alikuwa mzee wa miaka sabini na ushee, mrefu, amepinda kama msumari uliotolewa kwenye ubao. Alikuwa ameketi mbele ya feni iliyofunguliwa tumbo, anaitazama tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Kama umekuja na kitu cha leo leo, umepotea njia."

"Sina cha leo leo. Kina siku kumi na moja."

"Hapo sawa." Alisikiliza habari yote bila kuinua macho, akachukua simu ya Karani, akatazama picha moja moja. Akaisogeza ile ya mabawa karibu na uso. "Nani kaipiga hii?"

"Fundi."

"Yule si fundi. Ni mwizi ambaye bado hajaiba." Akamrudishia simu. "Magoti yangu, mwanangu, hayapendi safari. Nimeshasema kazi za kwenda nyumbani kwa watu basi. Ningekwambia uilete, lakini nani ataibeba?"

Karani alitaka kumbembeleza. Maneno yalikuwepo kichwani, yamepangwa, yenye heshima. Lakini kinywa kilipofunguka yalitoka mengine. "Mzee, mimi nimechoka," alisema.

Mzee alimtazama kwa mara ya kwanza. Akachukua kitambaa, akafuta mikono kidole kwa kidole.

"Basi tumekutana wawili," alisema. "Nitakuja keshokutwa. Nikisema keshokutwa, nina maana keshokutwa jioni jioni."

*

Alikuja keshokutwa saa kumi, na mkoba wa turubai ambao vifaa vyake vilikuwa vimefungwa kwenye vitambaa kama watoto wachanga. Aliizunguka mashine mara mbili. Akageuza ndoo, akaketi juu yake, na kwa muda akawa anaitazama tu ile mashine, mikono magotini, mpaka Karani akaanza kujiuliza kama amesinzia. Kisha akaingiza mkono chini, akauzungusha mkanda taratibu, akasikiliza.

"Mota nzima," alisema. "Mama huyu bado ana roho. Kilichokufa ni mpira unaozuia maji pale mhimili unapopita chini ya pipa. Maji yamemwagikia mkanda, mkanda umeteleza, umeungua. Mkanda si taabu. Mpira ndio kesi. Na siufikii mpaka niyatoe haya mabawa."

"Yatoe, mzee."

"Ndiyo, lakini niyatoeje? Kuna mabawa yanayofunguka kulia na kuna ya kushoto. Mengine yana pini, mengine yamekalia tu, unavuta. Hii ni aluminiamu ya zamani, ngumu kama biskuti. Nikikosea mara moja, ndiyo basi, tumemzika." Aliyagusa kwa ncha ya kidole. "Mtu akikuletea mgonjwa asiyejua jina lake, unamuuliza kinachomuuma. Sasa wewe niambie. Hii mashine ikifua, inakwendaje? Inazunguka raundi nzima halafu inarudi? Au inatikisika, nusu huku nusu huku? Yale ya raundi nzima hufungwa na nati. Ya kutikisika mara nyingi hayana nati kabisa."

Miaka miwili, kila siku ya Mungu, Karani alikuwa ameibonyeza ile swichi, akafunika, akakimbilia ndani, maana ndani kulikuwa na sufuria jikoni na mtu wa kugeuzwa. Hakuwahi kusimama hata dakika moja akaitazama inavyofanya kazi.

"Inalia kama mashine," alisema kwa aibu.

"Ile," ilisema sauti dirishani.

Fundi Polepole aligeuka. Nyuma ya nondo, chini kidogo, uso wa Mama Dobi ulikuwa umelala kwenye mto, upande mmoja umeshuka, jicho la upande wa pili likiwa kali.

"Mama yangu huyo," Karani alisema. "Ni mgonjwa. Haongei, mzee. Usijali."

Mzee alikuwa ameshaanza kunyanyuka, goti moja kwanza, halafu la pili, huku ameshika ukingo wa mashine. Akatembea mpaka dirishani, akavua kofia.

"Shikamoo, dada."

Mkono wa kushoto uliinuka kidogo kwenye shuka.

"Mashine ni yako, dada?"

"Ile."

"Nimeambiwa haina jina. Nikasema haiwezekani, kitu kilichofanya kazi miaka yote hii kikose mtu wa kukijua." Akasubiri. "Ilikuwa inakwendaje?"

"Mzee," Karani alisema nyuma yake, polepole, kama anayemwonya mtu asiumie, "nimekwambia haongei."

"Sikumwomba aongee," alisema mzee bila kugeuka.

Mama Dobi aliutoa mkono wake nje kati ya nondo mbili. Akakunja vidole, kama mtu aliyeshika kitasa cha mlango. Kisha akazungusha kiwiko: nusu kulia, nusu kushoto, nusu kulia, nusu kushoto, haraka, sawasawa, bila kupumzika kati. Na mdomo wake, upande ule mzima, ukawa unatoa pumzi kwa mapigo yale yale: shu-fa, shu-fa, shu-fa. Karani aligeuka akaitazama mashine, kwa kuwa ile sauti ilikuwa yenyewe hasa. Alikuwa ameisikia kila siku akiwa ndani, bila kujua kwamba anaisikia.

"Ya kutikisika," alisema fundi. "Asante, dada. Basi nivute?"

"Ile!" Mkono ulipiga nondo. Hapana. Hilo hata Karani alilielewa.

Mama Dobi alifungua kiganja, akakigeuza kikaangalia chini, akakikandamiza hewani. Akashikilia hapo. Akazungusha kidogo tu, robo, kushoto. Ndipo akainua mkono juu kwa nguvu, kama anayeng'oa muhogo. Kisha akafanya vidole kama vinachambua kitu, akavikung'uta, akavichambua tena.

"Kandamiza. Robo kushoto. Vuta," alisema Fundi Polepole. "Na hayo mengine?"

Karani ndiye aliyejibu. Hakujua amejuaje. "Uchafu wa nyuzi. Alikuwa anayatoa ili asafishe nyuzi chini yake." Akamtazama mama yake. "Kila wiki?"

Mama yake aliinua kidole kimoja: ndiyo. Halafu akamtazama binti yake kwa jicho lile zima, na katika jicho hilo swali lilikuwa wazi kabisa: wewe umesafisha mara ngapi?

"Sijasafisha hata mara moja, mama," alisema Karani.

"Ile," alisema Mama Dobi, na kila mtu pale uani alijua maana yake, na Fundi Polepole akakohoa kuficha kicheko.

*

Kabla ya kuyagusa mabawa, fundi aliyatilia mafuta, wakasubiri yaingie. Alikandamiza. Akazungusha robo kushoto, na kitu ndani kikalia tiki. Akavuta. Yalikataa, yakakataa, kisha yakatoka ghafla na mzee akakaa kitako sakafuni ameyakumbatia kifuani.

"Umeumia?"

"Nimezeeka tu. Hebu lete maji."

Chini ya mabawa palikuwa pamejaa utando wa nyuzi za miaka miwili, mnene kama mkeka uliolowa. Karani aliuondoa kwa mikono yake yenye vidonda. Fundi aliyaosha mabawa, akayageuza juu chini, akayafikisha kwenye mwanga. Upande wa ndani, ambako brashi ya rangi haikuwahi kufika, palikuwa na alama imepigwa kwenye chuma: duara, ndani yake nyuki mwenye mabawa manne, na chini ya nyuki namba nne.

Mzee alipitisha kidole juu ya yule nyuki. Uso wake ulilegea.

"Namjua huyu," alisema.

"Ni mashine za kampuni gani?"

"Hata si kampuni ya mashine za kufulia, mwanangu. Hawa walikuwa watu wa pampu za maji. Nimezifungua pampu zao miaka kumi, kwenye mashamba, kwenye visima, nikiwa bado na magoti. Kiwanda kilifungwa zamani. Niliwahi kusikia kwamba walijaribu kutengeneza mashine za kufulia, chache, za mabweni na hospitali, lakini sikuwahi kuiona hata moja. Nikadhani ni maneno ya watu." Akaitazama ile namba. "Mtu wa pampu akitengeneza mashine, unadhani atabuni mpira mpya? Atachukua uliopo mezani. Nenda kwa yule mama mwenye miwani, mwambie akupe mpira wa pampu ya Nyuki namba nne, ile ndogo ya kisima. Anao. Bado kuna wanaoziiga."

"Hospitali," Karani alirudia. Aligeuka dirishani. "Mama, waliitupa kule kazini?"

Mama yake alitikisa kichwa taratibu. Akajigusa kifuani kwa kidole, akaelekeza kidole kwenye mashine, akafanya ishara ya kuandika, na mwisho wa maandishi akagonga, kama mtu anayegonga muhuri.

"Walikupa. Kwa barua. Ulipostaafu."

Kidole kimoja juu. Na safari hii yule mama aliyelala alikuwa ameinua na kidevu.

Mtu aliyeishi kwa kuuliza kila faili limetoka wapi, alikuwa amemaliza siku kumi na tatu akizunguka mji kutafuta habari ya mashine, na mwenye habari alikuwa hatua nane kutoka kwenye mashine, yu macho, akimwita. Kila alipokuwa amesema "ile" na kuonyesha uani, Karani alikuwa amemfungulia dirisha.

Aliingia ndani, akaketi ukingoni mwa kitanda. Hakulia wala hakuomba radhi kwa maneno mengi. Nguvu hizo hakuwa nazo. Alichukua ule mkono wa kushoto akauweka mapajani pake, akawa anaukanda vidole. Baada ya muda mama yake alikigeuza kiganja cha binti yake, akaitazama ile mipasuko kati ya vidole, akafanya "tss" kwa ulimi.

*

Mpira ulipatikana. Yule mama wa miwani aliposikia habari ya nyuki alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena. "Nilikuwa nao hapa, nyuma ya kichwa changu," alisema. "Siku zote hizo ulizokuwa unakuja." Fundi Polepole alisema ataufunga Jumatano, akaufunga Ijumaa. Mkanda aliuchonga kutoka kwenye mkanda wa mashine ya kusaga, na lile bawa lililomeguka alilipiga tupa mpaka likawa laini ili lisichane nguo.

Jumapili iliyofuata kaka mkubwa alipiga simu.

"Mama anaendeleaje?"

"Huyu hapa, muulize."

"Lakini si ha—"

Karani alikuwa ameshaiweka simu kwenye sikio la mama yake. Akatoka akaenda kuanua nguo. Kupitia dirishani alisikia "ile" ikipanda na kushuka, ndefu na fupi, ya kulalamika na ya kuuliza, kwa muda wa karibu kikombe kizima cha chai. Aliporudi na kuichukua simu, kaka yake alikuwa bado yupo hewani, anapumua.

"Amesema nini?" aliuliza Karani.

"Sijui," kaka yake alisema. Sauti yake haikuwa sawa. "Nadhani ameniuliza nitakuja lini."

Hakusema tutaangalia. Wala hakusema atakuja lini. Lakini mwezi uliofuata alikuja kweli, akakaa siku tisa, akaharibu chai kila asubuhi, akajifunza kumgeuza mama yake ubavu bila kumuumiza. Siku tisa si miaka miwili. Karani alizipokea hivyo hivyo, kama mtu wa kiu anavyopokea nusu glasi.

Siku ya kuijaribu mashine, Mama Dobi alikataa kukaa dirishani. Alipiga nondo mpaka wakaelewa. Fundi Polepole na magoti yake, Karani na mgongo wake, walimweka kwenye kiti cha mikono na kukiburuta kupitia jikoni, wakipumzika mara tatu njiani, mpaka kwenye kizingiti cha uani. Ilikuwa miezi minne tangu atoke nje. Alifumba macho kwa sababu ya mwanga, akayafumbua kidogo kidogo.

Karani alijaza maji ndoo kwa ndoo. Akatia sabuni. Akatia shuka nne.

"Ile!" Mkono wa kushoto uliinuka na vidole viwili.

"Mbili tu? Mama, mimi natiaga nne siku zote."

"Ile," alisema mama yake, kwa sauti ya mtu aliyefua nguo za hospitali nzima miaka thelathini na moja na hana muda wa kubishana na karani. Fundi Polepole aliangalia pembeni. Karani alizitoa shuka mbili.

Akabonyeza swichi. Mashine ilikoroma, ikasita, ikashika. Shu-fa, shu-fa, shu-fa. Fundi alilala kifudifudi sakafuni, uso karibu na miguu ya mashine, akatazama chini yake kwa muda mrefu.

"Inatoa tone," alisema. "Tone moja moja. Hilo sitaweza kuliondoa. Weka kopo." Akasimama, goti moja kwanza, halafu la pili, akafunga vifaa vyake kimoja kimoja, akamuaga Mama Dobi kwanza, kisha binti yake, akaondoka bila haraka.

Karani alikaa kwenye ngazi, kando ya kiti cha mama yake, aitazame ikifanya kazi. Aliyaona mabawa yakienda na kurudi chini ya povu, shuka ikizama na kuibuka. Alitaka kuona mwisho wake. Lakini kichwa kilikuwa kizito, na ukuta ulikuwa na joto la jua, na kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi hapakuwa na kitu jikoni. Aliegemea mguu wa kiti.

Alipozinduka jua lilikuwa limehama. Mashine ilikuwa bado inakwenda, maji yamepoa, povu limeisha, shuka zimefuliwa kupita kiasi. Kopo lilikuwa limejaa nusu. Mama yake alikuwa macho, ametoka jasho usoni, ameinyoosha shingo akiilinda mashine kama mtu aliye zamu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya kichwa cha binti yake, na ulikuwa umekaa hapo kwa muda, maana ulikuwa umekufa ganzi na hakuweza kuuondoa mwenyewe.

"Mbona hukuniamsha?" Karani alisema.

Mama yake alitazama shuka, akatazama kamba.

Karani aliuchukua ule mkono, akausugua mpaka damu ikarudi, akauweka vizuri mapajani pa mwenyewe. Bado mgongo ulimuuma. Akainuka, akazima mashine, akaanza kukamua.